Maiti Haulizwi Sanda: Wasomaji na Shauri la Kitabu "Rebecca"

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza habari za kitabu kimoja cha Kiingereza ambacho kimewabishanisha wasomaji wake tangu mwaka 1938 mpaka hivi sasa. Jina lake ni Rebecca, na mtungaji wake ni bibi wa Kiingereza, Daphne du Maurier, aliyezaliwa London mwaka 1907 na kufariki mwaka 1989. Ni hadithi ya mapenzi, na tena ni hadithi ya siri na hofu. Msomaji hushikwa roho, asijue litakalotokea mpaka kurasa za mwisho. Vitabu vya namna hiyo ni vingi, na vingi katika hivyo husahauliwa upesi. Hiki hakikusahauliwa, na sababu moja kubwa ni kwamba wasomaji hawajapatana bado juu ya shauri lililomo ndani yake.

Shauri lenyewe ni hili. Mtu ameua, na msomaji, bila ya kutaka, hujikuta akimwombea muuaji aokoke. Je, ni haki? Wako wasemao kuwa ni haki, wako wasemao kuwa si haki, na wako wasemao kwamba shauri lile halikusikilizwa sawasawa hata kidogo. Twataka kuyapima maneno ya kila upande kama wafanyavyo wazee barazani. Lakini hatuwezi kuyapima pasipo kueleza hadithi mpaka mwisho wake. Basi mtu apendaye kuisoma kwanza yeye mwenyewe, na akiweke kijitabu hiki kando, akirudie baadaye.

Hadithi yenyewe

Msichana mmoja yatima, asiye na mali, alikuwa akipata mshahara wake kwa kufuatana na bibi tajiri wa Kimarekani katika safari zake. Walipokuwa Monte Carlo, mji wa starehe ulio kusini ya Ulaya, msichana akakutana na Bwana Maxim de Winter, Mwingereza mwenye cheo na mali, umri wake miaka 42. Bwana huyu alikuwa amefiwa na mkewe, jina lake Rebecca, na ilijulikana kwa watu wote kwamba bibi huyo alizama baharini na mashua yake. Hazikupita siku nyingi bwana akamposa msichana, wakaoana, akamchukua kwake Manderley, jumba kubwa la fahari lililo karibu na bahari.

Bibi arusi alipofika aliona kwamba mwenye nyumba wa kwanza hajatoka bado. Mezani mwa kuandikia barua mlikuwa na mwandiko wa Rebecca. Chakula kilipikwa kama alivyopenda Rebecca. Mkuu wa watumishi, Bibi Danvers, ambaye alimwangalia Rebecca tangu utotoni, alikitunza chumba cha marehemu vilevile kilivyokuwa: nguo zi kabatini, brashi za nywele zi mezani, kana kwamba mwenyewe ametoka kwa saa moja tu. Ilipokuja siku ya karamu kubwa ya dansi, Bibi Danvers alimshauri bibi mpya avae mavazi yaliyochorwa katika picha ya kale iliyotundikwa ukutani. Hakumwambia kwamba Rebecca aliwahi kuvaa mavazi yayo hayo. Bwana alipomwona mkewe akishuka ngazi, uso ulimbadilika, akamwamuru kwa ukali aende akayavue. Kesho yake Bibi Danvers akasimama naye dirishani, akamnong'oneza ajitupe chini afe, maana hapana amtakaye.

Papo hapo meli ikapanda mwamba katika ghuba iliyo karibu. Mzamaji aliyeshuka kuitazama akaikuta na mashua ya Rebecca chini ya maji, na ndani yake mifupa ya mtu. Ndipo Maxim alipomfunulia mkewe siri yake. Rebecca hakuzama. Yeye mwenyewe alimpiga risasi katika kijumba kilicho ufukoni, akamtia katika mashua, akaitoboa, akaizamisha. Tena maiti ya mwanamke mwingine ilipookotwa mbali, alikwenda akasema ya kuwa ndiye mkewe. Maxim alieleza kwamba Rebecca, aliyesifiwa na ulimwengu mzima, alikuwa mwovu sirini. Alikuwa na wanaume wengine, na usiku ule alimdhihaki akamwambia kwamba ana mimba ya mtu mwingine, na mtoto huyo ndiye atakayerithi Manderley.

Baraza la kuchunguza kifo likakata kwamba Rebecca alijiua mwenyewe. Binamu yake, Favell, hakuridhika, akamshitaki Maxim mbele ya hakimu wa mahali pale. Wote wakaenda kwa daktari mmoja wa London ambaye Rebecca alimwendea kwa siri siku ile ya mwisho. Daktari akatoa daftari lake, akasema kwamba bibi yule alikuwa na ugonjwa wa saratani usioponyeka, alibakiwa na miezi michache tu, na tena kwa maumbile yake hakuweza kamwe kuzaa. Basi ikaonekana kuwa sababu ya kujiua imepatikana, na Maxim akaokoka. Lakini waliporudi nyumbani usiku, waliona mbingu nyekundu mbele yao: Manderley inateketea kwa moto.

Wasomaji wanaomtetea Maxim

Kundi la kwanza la wasomaji ni la wale waliokipenda kitabu kwa kuwa ni hadithi ya mapenzi. Hili ndilo kundi kubwa. Mpiga chapa wa London, Victor Gollancz, alikitoa mwezi wa Agosti 1938, na katika mwezi wa kwanza viliuzwa zaidi ya vitabu 40,000. Tangu hapo hakijakoma kupigwa chapa. Mwaka 2003 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipowauliza watu ni hadithi zipi wazipendazo kupita zote, Rebecca ilishika nafasi ya 14.

Wasomaji hawa husema hivi: Maxim aliteseka miaka mingi kwa kuficha aibu ya nyumba yake, alichokozwa kupita kiasi, na Rebecca, aliyejua kwamba atakufa, alimdanganya kwa makusudi ili amwue. Kwa maoni yao, mwenye kufa ndiye aliyeutega mtego. Tena husema kwamba mapenzi ya msichana yule ni ya kweli, maana hayakuvunjika hata alipoijua siri mbaya kuliko zote.

Lakini hapa yafaa tusimame kidogo. Tuangalie kwa makini jinsi msichana alivyoipokea habari ile. Mumewe amwambia, "Nimeua." Moyo wake wasikia neno jingine: kwamba mumewe hakumpenda Rebecca kamwe. Furaha inamjaa. Miezi yote alikuwa akimwonea kijicho mwanamke aliye kaburini, na sasa ameshinda. Na sisi wasomaji, ambao tumekaa naye tangu ukurasa wa kwanza, tumeona haya pamoja naye, tumeogopa pamoja naye, twafurahi pia. Kisha twaendelea kusoma kwa hofu, tusitake Favell ashinde, ingawa neno alisemalo Favell, kwamba Maxim amemwua Rebecca, ni kweli tupu.

Mtungaji mwenyewe alijua alilolifanya. Alipokianza kitabu, mwaka 1937, alikuwa Aleksandria katika Misri, ambako mumewe alikuwa afisa wa jeshi. Mumewe huyo aliwahi kuchumbia mwanamke mwingine kabla yake, na fikira hiyo ilimsumbua Bibi du Maurier. Watu waliposema kwamba ametunga hadithi tamu ya mapenzi, yeye alisema kwamba ametunga kitabu juu ya wivu. Basi hata mtungaji na wasomaji wake wengi hawakupatana juu ya maana ya kitabu hiki.

Wasomaji wanaodai sheria

Kundi la pili hawakubali kuvutwa na moyo. Husema: mume aliyechokozwa ana njia nyingi, aweza kutoa talaka, aweza kutengana, aweza kuvumilia, kuua si mojawapo. Husema tena kwamba Maxim hakuua tu. Alificha maiti, akatambua maiti ya mtu mwingine kwa uwongo, akala kiapo mbele ya baraza na kusema yasiyo kweli. Na hakimu wa mahali pale, ambaye ni rafiki yake na alikula mezani pake, yaonekana alikuwa na shaka moyoni, lakini akanyamaza. Wasomaji hawa huuliza swali lililo zito: kama muuaji angekuwa mvuvi maskini wa ghuba ile, je, daftari la daktari lingetosha kumwokoa?

Kwamba jambo hili lilikuwa zito kwa watu wa zamani zile, twaliona katika habari za sinema. Mwaka 1940 Alfred Hitchcock alikifanya kitabu hiki kuwa sinema huko Marekani, na sinema hiyo ikapewa tuzo kubwa kuliko zote za sinema za mwaka ule. Lakini kanuni za watengenezaji wa sinema wa Marekani hazikuruhusu mtu aue mkewe kisha aishi salama bila adhabu. Basi hadithi ikageuzwa: katika sinema Rebecca huanguka na kujigonga kichwa, akafa kwa bahati mbaya, na Maxim akaficha maiti tu. Kwa hiyo walioona sinema bila kusoma kitabu hubishana na waliosoma kitabu, nao hawajui kwamba wanazungumza mashauri mawili mbalimbali.

Wako wanaowajibu watu wa sheria na kusema kwamba adhabu ilikuwako. Msomaji akirudi mwanzo wa kitabu ataona kwamba Maxim na mkewe wanaishi ugenini, wakihama hoteli hata hoteli, bila nyumba, wakiogopa hata kutaja jina la Manderley. Aliua kwa ajili ya nyumba ile, na nyumba ile imekuwa majivu. Jibu hili lina nguvu. Hata hivyo, kunyang'anywa nyumba si sawa na kuhukumiwa, na wasomaji wengi hawaridhiki nalo.

Wasomaji wanaomwulizia marehemu

Kundi la tatu limekua zaidi katika miaka ya baadaye, nalo husema neno ambalo wahenga wetu walilijua: maiti haulizwi sanda. Rebecca ndiye mwenye jina juu ya jalada, lakini hasemi mahali po pote. Habari zake zote zatoka vinywani mwa wengine. Msimulizi wa hadithi ni mke wa pili, ambaye hakumwona kamwe kwa macho yake, naye anamwonea wivu. Habari ya uovu wake imetoka hasa kwa Maxim, naye ndiye aliyemwua. Muuaji asiposema kwamba aliyeuawa alikuwa mbaya, atasema nini?

Basi na tuwatazame mashahidi mmoja mmoja. Bibi Danvers alimpenda Rebecca kama mwanawe, na ushuhuda wake una upendo mwingi. Hata hivyo yeye naye husema kwamba Rebecca hakumpenda mwanamume ye yote, bali aliwacheka wote. Favell ni mlevi na mwenye tamaa ya fedha. Nyanya yake Maxim, mzee sana, siku alipotembelewa alilia akimtaka Rebecca wake, akauliza wamemfanyia nini. Kwake yeye Rebecca alikuwa mjukuu mwema. Yuko pia Ben, mtu mwenye akili pungufu, aliyezoea kukaa ufukoni. Huyu alimwambia bibi mpya kwamba yule wa kwanza alifanana na nyoka, na kwamba alitishia kumfungisha katika nyumba ya wenye wazimu. Ben hana faida ya kusema uwongo, wala hana werevu wa kuutunga.

Basi tukipima twaona kwamba Maxim hakuzua yote. Rebecca alikuwa na nyuso mbili, na mashahidi wasiopatana kwa mengine wamepatana kwa hilo. Lakini tabia mbaya si hukumu ya kifo, na mtu mwenye nyuso mbili angeweza kuwa na maelezo yake kama angeulizwa. Kiu ya kumsikia imekuwa kubwa hata waandishi wengine wameshika kalamu. Mwaka 1993 Susan Hill alitunga kitabu cha kuendeleza habari za Maxim na mkewe, na ndani yake siri ya kale hairuhusu raha yao. Mwaka 2001 Sally Beauman alitunga kingine, na humo Rebecca hupewa nafasi ya kusema kwa maandishi yake mwenyewe. Hayo ni maoni ya wasomaji pia, ila yametolewa kwa umbo la kitabu.

Msichana asiye na jina

Wasomaji hubishana pia juu ya msimulizi. Jina lake halitajwi tangu mwanzo hata mwisho. Watu walimwandikia mtungaji barua wakiuliza jina hilo, naye akaeleza kwamba mwanzoni hakupata jina la kumpa, kisha akaona ni jambo zuri kujaribu kuendelea bila jina.

Wengine humchoka msichana huyu. Alipovunja sanamu ndogo ya udongo yenye thamani, aliogopa watumishi wake mwenyewe, akavificha vipande ndani ya mtoto wa meza, hata mtumishi mmoja akashukiwa bure. Wasomaji hawa huuliza, "Yeye si bibi wa nyumba? Mbona haamuru?" Lakini wasomaji waliowahi kula mkate wa mtu mwingine humwelewa upesi. Mtu aliyezoea kutumwa hawezi kujua kutuma kwa siku moja. Hata kwetu, mwanamke aliyeolewa katika nyumba iliyofiwa na mke anajua jinsi macho ya jamaa yanavyomfuata jikoni: je, anapika kama marehemu? Je, anawapokea wageni kama marehemu? Msomaji wa namna hiyo hahitaji kufundishwa na mtu kwa nini msichana wa Manderley alitetemeka.

Wenye elimu na wenye shaka

Mbali na wasomaji wa kawaida, wako wahakiki wa magazeti. Wengi wao mwaka 1938 walikisifu kitabu kwa nguvu ya kusimulia, lakini walikiona chepesi, na mwandishi mashuhuri V. S. Pritchett alidhani hakitadumu. Miaka imepita zaidi ya themanini, nacho kingali kinasomwa. Hatusemi hayo kwa kuwadharau wenye elimu. Twasema ili mwanafunzi ajue kwamba hata jicho lililozoea laweza kukosea.

Wengine walisema kwamba hadithi imeazimwa. Waliosoma Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyotolewa mwaka 1847, waliona mfano wake: msichana maskini, bwana mwenye siri, mke wa kwanza anayetia kivuli nyumba, na moto mwishoni. Katika Brazil wasomaji waliona kwamba inafanana na kitabu cha Bibi Carolina Nabuco kilichotoka mwaka 1934. Bibi du Maurier alikana kuwa alikiiga. Marekani jambo kama hilo lilifika mahakamani kwa ajili ya kitabu kingine, na Bibi du Maurier alisafiri mpaka New York mwaka 1947 kutoa ushahidi. Mwaka 1948 hakimu alilinganisha vitabu viwili hivyo, akaamua kwamba yeye hakuiba. Mke wa pili kumwogopa wa kwanza ni jambo la watu wote. Si mali ya mtungaji mmoja.

Jinsi ya kutoa maoni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata hivyo maoni si sawa yote. Mtu akisema tu, "Kitabu ni kizuri," au, "Ni kibaya," hajatoa maoni bado, ametaja ladha. Mwenye kutoa maoni huonyesha mahali katika kitabu pa kuyashika maneno yake, kama vile shahidi aonyeshavyo nyayo. Tena hutenga mambo mawili ambayo hadithi ya namna hii huyachanganya kwa makusudi: namwonea huruma nani, na nani ana haki. Moyo wajibu swali la kwanza, na hapana ubaya. Lakini moyo usiachwe kujibu la pili peke yake, maana mtungaji stadi aweza kuupeleka atakako, kama Bibi du Maurier alivyoupeleka wetu. Na mtu asimuliaye habari barazani, au nyumbani, au gazetini, aweza kufanya vivyo hivyo.

Sisi wenyewe twaona hivi: Maxim ana hatia, na Rebecca alikuwa mwovu, na neno la pili haliliondoi la kwanza. Wasomaji wetu wanaweza kukataa. Basi twawashauri jambo moja lililo rahisi. Mtu ajuaye Kiingereza na akipate kitabu hiki, awasimulie wenzake jioni kwa jioni, katika chama cha kusoma au darasani. Afikapo mahali Maxim anapoungama, afunge kitabu. Kila msikilizaji na aandike kwenye karatasi neno moja tu, "Aokoke" au "Ahukumiwe," wala asimwonyeshe mwenziwe. Karatasi zikunjwe ziwekwe mpaka hadithi imalizike. Kisha waulizwe tena, ndipo zifunguliwe. Atakayeona kwamba neno lake limegeuka, na atueleze ni ukurasa gani uliomgeuza.